Ulimi wa Jukwaani katika Nchi ya Wagusii

Wengi katika sisi watu wa pwani huamini kwamba ufasaha wa maneno ni mali yetu ya urithi, na kwamba mtu wa bara akisimama kusema Kiswahili hana budi kuchekwa. Akisema "kitabu yangu" au "watu mbaya", sisi hutazamana, tukatabasamu, tukaona mambo yamekwisha. Lakini liko swali moja ambalo hatujiulizi. Mbona msemaji huyo huyo tuliyemcheka hushuka jukwaani akiwa amebebwa mabegani, na siku ya kura sanduku likajaa jina lake, na sisi mafasaha tukabaki barazani na ufasaha wetu?

Swali hilo ndilo lililonishughulisha katika safari zangu za Kisii na Nyamira, ambako nimehudhuria mikutano ya hadhara, matanga na michango ya harambee, nikawa nasikiliza si habari tu bali namna zinavyosemwa. Nilitoka huko nikiwa na yakini kwamba ufasaha ni jambo moja na ushawishi ni jambo jingine. Pengine hukutana katika mtu mmoja, na pengine kila mmoja hupita njia yake. Kwa kuwa mambo haya yanatuhusu sote tunaopiga kura katika nchi hii, nimeona si vibaya tuyazungumze.

NCHI NA WATU WAKE

Kwa msomaji asiyepata kufika, Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima, mvua nyingi, migomba na majani ya chai, na watu wamekaa karibu karibu hata shamba la mtu na la jirani yake hutengwa na mstari wa miti tu. Zamani zote mbili zilikuwa wilaya moja ya Kisii katika Mkoa wa Nyanza. Nyamira ikatengwa kuwa wilaya mbali mwishoni mwa miaka ya 1980. Ilipokuja Katiba ya 2010, na baada yake uchaguzi wa 2013, kila moja ikawa kaunti yenye gavana wake na bunge lake. Kisii ina majimbo 9 ya ubunge na Nyamira ina 4.

Wenyeji wenyewe hujiita Abagusii, na lugha yao ni Ekegusii, lugha ya Kibantu kama hii yetu. Mtu ni omonto, watu ni abanto, nyumba ni enyomba. Mswahili akisikiliza vizuri hushika neno hapa na neno pale. Lakini na ajihadhari, maana "baba" kwa Ekegusii ni mama mzazi, na baba mzazi huitwa "tata". Marehemu Raila Odinga, aliyefariki Oktoba 2025, alipewa na wafuasi wake nchi nzima lakabu ya "Baba". Bibi kizee wa Kigusii, kila alipoisikia lakabu hiyo, ilimbidi kwanza avuke kutoka lugha ya kwao hadi Kiswahili ndipo maana imkalie sawa.

Neno enyomba nalo lina mambo. Maana yake ni nyumba ya kulala, na tena ni mlango wa ukoo, yaani watu wa tumbo moja. Koo kubwa za Wagusii, kama Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Bonchari, Majoge na Mugirango mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, ndizo zilizoyapa majina majimbo mengi ya uchaguzi mpaka leo. Kwa hivyo mwanasiasa akisimama akataja nyumba, kila aliyekaa pale anajua ni nyumba gani inayosemwa, na nani yumo na nani hayumo. Neno moja limekwisha kufanya kazi ya saa nzima.

ULIMI WA KALE

Si kweli kwamba siasa ya maneno ilikuja na vyama na vipaza sauti. Wagusii walikuwa na baraza la wazee liitwalo ritongo, ambamo mashauri ya ardhi, mahari na ugomvi yaliamuliwa kwa hoja. Mtawala kwa lugha yao huitwa omogambi. Mimi sijitii mjuzi wa asili za maneno, lakini husikia Waganda wakisema "kugamba" kwa maana ya kunena, na Wameru huwa na jina Mugambi, yaani msemaji. Yaonyesha kwamba jirani zetu hawa wa Kibantu tangu kale waliona kutawala na kunena ni ndugu wawili.

Mfano mkubwa wa ulimi wa kale ni wa mwanamke, Moraa wa Ng'iti. Mwanzoni mwa mwaka 1908, Waingereza walipokuwa wametia mguu katika nchi ya Wagusii na kutwaa ng'ombe, kijana Otenyo alimvizia mtawala wao, Geoffrey Northcote, akampiga mkuki. Northcote akapona, na miaka mingi baadaye, 1937, akawa gavana wa Hong Kong. Wagusii wao walilipa kwa damu, kwa nyumba zilizochomwa na mifugo iliyotwaliwa, na Otenyo akauawa. Lakini masimulizi ya wenyeji hayamwanzi Otenyo. Humwanza Moraa, mwaguzi na mganga, ambaye inasemekana aliwasimanga wanaume mbele ya watu: kama wameogopa, basi wawapishe wanawake wakapigane.

Hii ndiyo kejeli ya kuaibisha, nayo ni silaha kali kuliko kusihi. Ukimsihi mtu ana hiari ya kukataa, lakini ukimwaibisha mbele ya wenziwe hana tena mlango wa kutokea ila ule ulioufungua wewe. Nimeisikia silaha hii hii katika mikutano ya siku hizi, ambapo msemaji haombi kura bali huuliza kama eneo hili lina watu au lina kondoo. Watu hucheka, kisha hunyamaza, kisha hupandwa na hamaki. Na hamaki ndiyo aliyoitaka.

LUGHA TATU KATIKA HOTUBA MOJA

Hotuba ya kiongozi huko aghalabu huwa na lugha tatu, na kila lugha ina kazi yake. Hufungua kwa Ekegusii. Husema "Bwakire", na umati hujibu kwa sauti moja. Mgeni kutoka Nairobi naye hufundishwa salamu mbili tatu kabla ya kupanda jukwaani, na akizitamka kwa matamshi ya kuvunjika hushangiliwa zaidi kuliko mwenyeji aliyezitamka sawa. Wasikilizaji hawampi alama za lugha. Wanampa alama za kujishusha.

Halafu huja Kiswahili, ambacho ni lugha ya nchi nzima na ya magazeti na televisheni. Hapo msemaji huwa hasemi tena na waliokaa mbele yake peke yao, bali anasema na wakubwa walio Nairobi kupitia migongo ya wale waliokaa. Kiingereza nacho huchomekwa panapotajwa sheria, bajeti na mabilioni. Mzee wa kijijini huenda asielewe, wala haikukusudiwa aelewe. Ilikusudiwa aone kwamba mtu wake huko mjini anaweza kusimama na wasomi.

Kisha hotuba hurudi kwenye Ekegusii, na hapa ndipo msikilizaji mgeni anapopaswa kutega sikio, kwa kuwa yale yasiyosemeka kwa Kiswahili husemwa sasa: mzaha juu ya mpinzani, fumbo juu ya ukoo fulani, ahadi ya cheo. Zamani maneno hayo yaliishia papo hapo. Sasa ziko redio za Ekegusii kama Egesa FM, na kila kijana ana simu ya kunasa sauti na picha, na lililosemwa Keroka mchana hutafsiriwa Mombasa kabla ya magharibi. Wanasiasa wengine hawajaizoea hali hii, na ndiyo maana kila mwaka twasikia mmoja akilia kwamba maneno yake yamepotolewa.

Tena ziko ibada. Wagusii wengi ni Wakristo, hasa Wasabato na Wakatoliki, ambao misheni zao zilianza huko mwanzoni mwa miaka ya 1910, Nyanchwa na Nyabururu. Kwa hivyo Jumamosi na Jumapili ni siku za siasa pia, na hotuba huazima sauti ya mahubiri. Mwaka 2017, Raila alipowaambia Wakenya kwamba atawavusha hadi Kanaani, hakuwa na haja ya kueleza safari hiyo ni ipi. Wasikilizaji walikwisha kuijua tangu utotoni, yeye akajiweka tu mahali pa kiongozi wa msafara. Sisi pia tumewaona wanasiasa katika maulidi na mabaraza ya Idi, wakianza kwa "Assalamu alaykum" iliyojifunzwa garini. Njia ni moja.

MANENO MAFUPI YALIYOVUNJIKA

Tuliokulia kwenye mashairi tunapenda neno lililokamilika. Lakini tuangalie maneno yaliyotikisa nchi hii. Rais Moi alikuwa na msemo wake: "Siasa mbaya, maisha mbaya." Mwalimu yeyote wa pwani angepiga mstari mwekundu, kwani maisha huwa mabaya, si mbaya. Lakini lisahihishe uone. "Siasa mbaya, maisha mabaya" halina mdundo ule. Silabi zile zile mwishoni mwa kila upande ndizo zilizolifanya neno likae kichwani kama kina cha shairi, na ulinganifu wake ukamfanya msikilizaji aone kwamba jambo la pili limethibitika kwa sababu ya la kwanza. Hakuna ushahidi uliotolewa, ni kina tu.

Mfano wa pili unawahusu Wagusii moja kwa moja. Tarehe 14 Oktoba 2002, katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, wapinzani wa KANU walikusanyika huku hawajakubaliana nani awe mgombea wao wa urais. Mmoja wa waliokuwa na tamaa hiyo ni Simeon Nyachae wa Kisii, ambaye alitaka mgombea apatikane kwa utaratibu wa wajumbe. Raila Odinga akasimama, akasema maneno mawili: "Kibaki tosha." Kwa sarufi yetu neno hilo ni kiwete, kwa kuwa ingefaa "Kibaki anatosha". Lakini umati uliitika kama radi, na baada ya mwitiko ule hapakuwa na mkutano wa wajumbe tena. Nyachae akajitenga, akasimama kwa tikiti ya FORD-People. Alipata kura zaidi ya 345,000, karibu asilimia 6, nyingi zikitoka nyumbani kwake. Kibaki akashinda kwa asilimia 62.

Hebu tufikiri lililotendeka. Kiambishi "ana" kimeachwa, na pamoja nacho yameachwa maswali yote: anatosha kwa nini, kwa kipimo gani, na nani aliyempima? Neno lililovunjika halina mahali pa kushikilia hoja. Ni kama fimbo fupi, huwezi kuishika ncha ya pili. Sisi pwani nasi tulisikia "Pwani si Kenya", maneno matatu ya Baraza la Jamhuri ya Mombasa, na twajua jinsi yalivyoenea vijiweni. Aliyetaka kuyajibu alihitaji kitabu kizima, na msikilizaji hana subira ya kitabu.

UKWELI MCHUNGU KAMA PAMBO

Nyachae mwenyewe ni mfano wa namna nyingine. Baba yake, Musa Nyandusi, alikuwa chifu mkubwa wakati wa ukoloni. Mwana akawa mkuu wa mkoa, kisha Katibu Mkuu wa serikali nzima katika miaka ya 1980, kisha mbunge wa Nyaribari Chache tangu 1992. Hakuwa mtu wa mafumbo. Alipofanywa Waziri wa Fedha mwaka 1998, alisimama mbele ya wakubwa wenzake katika kongamano lililofanyika Mbagathi akasema wazi kwamba hazina ya Kenya imekauka, na kwamba ufisadi umechangia. Februari 1999 akahamishiwa wizara nyingine, naye akajiuzulu.

Watu wa elimu ya balagha wangesema kwamba hapo hapana pambo lolote, ni ukweli mtupu. Mimi naona hapo ndipo pambo lilipo. Katika nchi ambayo mawaziri walizoea kumsifu mkubwa kwanza ndipo waseme jambo, mtu aliyesema bila kusifu alisikika kama kengele usiku. Ukavu wa maneno yake ulikuwa ndio hoja: huyu hana sababu ya kutudanganya. Huko Kisii sifa hiyo ilimjengea ngome, na ndiyo iliyomvusha 2002 mbele ya watu wake hata alipokosa nchi. Lakini ngome ya maneno nayo huchakaa, kwani mwaka 2007 wapiga kura wale wale walimnyima kiti chake. Alifariki Februari 2021, na hata waliompinga walimtaja kwa jambo hilo hilo la kusema wazi.

Pamoja naye tumtaje George Anyona, aliyekuwa mbunge wa Kitutu Mashariki kuanzia 1974. Silaha yake ilikuwa swali. Alisimama bungeni akauliza, na akijibiwa aliuliza tena, mpaka jibu lenyewe likageuka ushahidi. Mwaka 1977 alikamatwa akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, akatoka 1978. Mwaka 1982 akawekwa tena. Mwaka 1991 akahukumiwa kifungo cha miaka 7 pamoja na wenziwe watatu kwa kesi ya uchochezi. Akarudi bungeni 1992, na alifariki katika ajali ya barabarani Novemba 2003. Serikali yenye askari na magereza haimfungi mtu mara tatu kwa sababu ya kitu kisicho na nguvu. Hilo latosha kutuonyesha uzito wa swali lililoulizwa mahali pake.

SWALI LISILOTAKA JIBU NA KITENDAWILI

Lakini liko swali jingine, lile tufundishwalo shuleni kuwa ni swali la balagha, ambalo muulizaji hataki jibu. "Je, barabara hii mmeiona?" Umati: "Hapana!" "Je, maji mmeyapata?" "Hapana!" "Je, tutakubali?" "Hapana!" Mara tatu. Angalia kwamba la tatu si kama mawili ya kwanza. Yale mawili yaliuliza habari ambayo kila mtu aijua, na la tatu limeomba ahadi. Ulimi uliokwisha kuzoea "hapana" huendelea kwa mbio zile zile, kama gari lililoachiwa mteremko wa Manga. Mtu hurudi nyumbani akadhani ameamua, kumbe ameitikia tu.

Kitendawili nacho ni ndugu wa swali hilo. Raila alikuwa bingwa wa kutega vitendawili mikutanoni, na watu wakaitikia "Tega!" Mtu aliyefumbua kitendawili huona jibu ni lake, wala halipingi, kwani nani apinge akili zake mwenyewe? Ndiyo maana hoja iliyofungwa kwa fumbo huingia moyoni kuliko iliyosemwa wazi.

Na uko mfano wa kuonekana kwa macho. Kabla ya uchaguzi wa 2022, William Ruto na chama chake cha UDA waliifanya wilibaro kuwa nembo, wakaitaja siasa ya hasla, mama mboga na mtu wa bodaboda. Wilibaro haihitaji tafsiri kwa Ekegusii wala Kigiriama. Ni istiara iliyofanywa chuma: anayeisukuma anajiona, na asiyeisukuma anajua hatajwi. Wakosoaji walisema wilibaro ni dharau kwa vijana waliosoma. Wote wawili, aliyeisifu na aliyeipinga, walikuwa wakizungumzia wilibaro, na hiyo ndiyo faida ya mfano mzuri kwa mwenye kuutunga. Hata hivyo, katika kaunti zote mbili za Wagusii Raila ndiye aliyeongoza kwa kura za urais mwaka ule. Basi asidhani mtu kwamba ulimi hushinda kila siku. Ukoo, urafiki wa zamani na hesabu ya nani atapata nini huzungumza pia, tena bila kipaza sauti.

Kisii iliuona mpaka wa maneno kwa namna nyingine. Tarehe 20 Oktoba 2020 sikukuu ya Mashujaa iliadhimishwa katika uwanja wa Gusii, na kesho yake Rais Uhuru Kenyatta na Raila wakapokea ripoti ya BBI katika ikulu ndogo ya Kisii. Wimbo wa siku zile ulikuwa kwamba hakuna awezaye kuizuia rege. Ikaja Mei 2021, Mahakama Kuu ikaizuia. Mahakama ya Rufani ikaizuia Agosti, na Mahakama ya Juu ikakata shauri Machi 2022 kwamba mpango ule wa kubadili katiba haukufuata njia. Majaji hawakuitikia "Tega!" Walisoma maandishi.

"SISI", "WAO" NA KITENZI KISICHO NA MTENDAJI

Katika hila zote nilizozisikia, iliyonitia wasiwasi zaidi ni ndogo kabisa. Ni kitenzi cha kutendwa. "Tumeonewa." "Tumenyang'anywa." "Tumesahauliwa." Nani aliyetuonea? Hakutajwa. Kila msikilizaji hujaza mwenyewe, na kila mmoja humtia yule anayemchukia, huyu jirani, huyu serikali, huyu ukoo wa mlima wa pili. Msemaji hawezi kushtakiwa, maana hakumtaja mtu, na bado kila mtu ameondoka na jina mkononi.

Pamoja nacho kuna "sisi". Msemaji mwenye magari manne na nyumba Nairobi husema "sisi maskini", na mvunaji chai wa Kebirigo akaona wamekuwa kitu kimoja. Neno hilo hupanuka na kujikunja kama mpira. Asubuhi "sisi" ni Wakenya, adhuhuri ni Wagusii, na jioni, kwenye mkutano mdogo, ni ukoo wetu tu. Kila linapojikunja kuna watu wanaobaki nje, nao ndio huitwa "wao".

NENO LINAPOGEUKA MOTO

Msomaji aweza kusema kwamba haya ni mambo ya kuchekesha barazani. Si hivyo. Mpaka wa mashariki wa Nyamira, upande wa Borabu, umepakana na Sotik, nchi ya Wakipsigis. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mpaka huo uliwaka. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, familia zikalala nje. Kabla ya moto huo palikuwa na hotuba, na katika hotuba za Bonde la Ufa za nyakati zile lilikuwamo neno moja la Kiswahili safi, ambalo hata mtoto wa chekechea alijua: madoadoa.

Doa ni alama katika nguo. Nguo yenye madoa hufuliwa. Msemaji hakusema "wafukuzeni jirani zenu". Alisema tu kwamba hapa hapatakiwi madoadoa, na istiara ikamalizia kazi iliyobaki. Januari 2022 seneta mmoja kutoka Meru alilitamka tena neno hilo katika mkutano wa Eldoret, akakamatwa. Miezi michache baadaye Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyotokana na sheria ya 2008, ikaliweka katika orodha ya maneno ya hatari pamoja na mengine kama kwekwe. Kwekwe hung'olewa, doa hufuliwa: katika mifano yote miwili binadamu amefanywa kitu, na kazi ya kukiondoa imefanywa usafi.

Nasi pwani hatuna ruhusa ya kuwatazama watu wa Borabu kwa mbali. Agosti 1997, Likoni, maneno "watu wa bara" yaliyosemwa kwa miaka mingi bila kujali yalizaa visu, moto na watu kukimbilia kanisani. Neno lilikuwa letu, kwa lugha yetu iliyo sanifu, bila kosa la sarufi hata moja.

MSIKILIZAJI AFANYEJE

Katika dini yetu ufasaha haukukatazwa wala haukuachwa bila kuchungwa. Mtume Musa (A.S.) aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, akaomba nduguye Harun awe msaidizi kwa kuwa ndiye mfasaha zaidi. Mtume wetu (S.A.W.) naye imepokewa kutoka kwake kwamba katika ufasaha mna namna ya uchawi. Wanazuoni walijadiliana kama hiyo ni sifa au ni onyo. Nadhani aliyekaa siku moja katika uwanja wa Gusii akiwa amesimama katikati ya watu elfu kadha wanaoitikia kwa pamoja hataona haja ya kuchagua moja.

Mzee mmoja wa Nyamira, mkulima wa chai, alinipa namna yake ya kusikiliza, nami naona inafaa kunakiliwa. Alisema kwamba mwanasiasa akiahidi, yeye humkata maneno katika vipande. "Barabara itajengwa": na nani? Lini? Kwa fedha za nani? Na je, ni kazi yake? Swali la mwisho ndilo kubwa. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti hospitali zao, barabara za kaunti, kilimo na shule za chekechea. Shule za msingi na sekondari, vyuo vikuu na barabara kuu ni za serikali ya taifa. Kwa hivyo diwani anayeahidi chuo kikuu, na mbunge anayeahidi madaktari katika hospitali kuu ya Kisii, wanauza ng'ombe wa mtu mwingine. Mzee alisema kwamba tangu aanze kuuliza hivyo, hotuba zimekuwa fupi sana masikioni mwake, na amepata nafasi ya kuchuma chai.

Nami namwongezea matatu. Ukisikia "tumeonewa", uliza mtendaji ni nani, na ushahidi uko wapi. Ukisikia "sisi", hesabu waliobaki nje. Na ukisikia binadamu anafananishwa na doa, gugu au mdudu, usingoje mwisho wa hotuba. Inuka uondoke, na ukiweza umwondoe na mwanao.

Walio na habari za hotuba za wilaya zao, Lamu, Kwale, Tana au kwingineko, na maneno yaliyowavuta watu huko kwa heri au kwa shari, watuandikie tuyachapishe.